Safari ya Tonge Moja: Tumbo ni Amana, na Shukrani Yake ni Vitendo

KHUTBA YA IJUMAA

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini, wala usifungie karanga. Ukimaliza kuisoma mpe jirani, au msomee asiyejua kusoma.)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Shukrani zote tunazielekeza kwa Mwenyezi Mungu aliyetuumba, akatulisha na kutunywesha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata njia yake.

Amma baad. Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu katika yanayoonekana na yasiyoonekana.

Leo sitawapeleka mbali. Sitawapeleka Badri wala Uhudi. Nitawapeleka mahali palipo karibu nanyi kuliko huu mkeka mliokalia: ndani ya matumbo yenu.

Katika Suratu Abasa, kuanzia aya ya 24, Mwenyezi Mungu anamtaka mwanadamu akitazame chakula chake. Kisha anamhesabia mvua iliyomiminwa, ardhi iliyopasuka, nafaka, mboga na matunda. Sisi tukiisoma sura hii tunalikumbuka shamba, na ni sawa. Lakini, ndugu yangu, chakula hakiishii sahanini. Ukisha kusema Bismillahi na kumeza, hapo ndipo kazi kubwa inapoanza, na wewe huombwi msaada wowote. Unaweza kulala, kuswali, kuuza dukani au kugombana na jirani, na kazi hiyo inaendelea. Basi leo tulifuate tonge moja la bukari na sombe, tuone linakwenda wapi.

KHUTBA YA KWANZA

Tonge linaanzia mdomoni. Meno yanalisaga na mate yanalilainisha. Tezi za mate zinatoa kadiri ya litri 1 hadi litri 1 na nusu kila siku. Mate hayo si maji tu. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoanza kuuvunja wanga wa muhogo, mchele na mkate ili uwe sukari. Ukitaka ushahidi, kesho chukua kipande cha mkate au muhogo wa kuchemsha, kitafune polepole bila kumeza, nawe utaonja utamu. Hakuna aliyetia sukari humo. Basi anayekula kwa pupa, akameza bila kutafuna, analinyima tumbo lake msaada lililowekewa mlangoni.

Kisha unameza. Hapa kooni pana njia mbili, moja ya pumzi na moja ya chakula, nazo ziko karibu sana. Kila unapomeza, kifuniko kidogo kiitwacho kidakatonge kinaifunika njia ya pumzi, na tonge likishapita kinafunguka tena. Hesabu umemeza mara ngapi tangu utoto. Ni mara ngapi kifuniko hicho kilikosea? Siku kinapokosea kidogo tu, tunakohoa mpaka machozi yanatoka. Na mzee wetu aliyewahi kuona mtu amekabwa na kipande cha nyama anajua kwamba mauti yako upande wa pili wa kifuniko hicho.

Tonge linashuka katika umio, bomba lenye urefu wa sentimita 25 hivi. Halianguki kama jiwe kisimani. Kuta za bomba zinaliminya na kulisukuma kwa zamu. Ndiyo maana mgonjwa aliyelala anaweza kumeza, na chakula kikamfika.

Sasa limefika katika mfuko wa tumbo. Humo mna tindikali kali sana, inayoua vijidudu vingi na kuiandaa nyama na samaki ili vimeng'enya vivunje protini yake. Jiulize: kitu kinachoyeyusha nyama ya mbuzi, mbona hakiyeyushi tumbo lenyewe, nalo ni nyama? Ni kwa sababu ukuta wa ndani umepakwa ute mzito unaoulinda, na ngozi yake inafanywa upya kila baada ya siku chache. Ute huo ukiharibika, ndipo mtu anapopata vidonda vya tumbo. Mwenyezi Mungu aliweka kali na kinga yake katika chombo kimoja.

Baada ya saa kadhaa chakula kimekuwa kama uji. Kinaachiliwa kidogo kidogo kuingia katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, uliokunjwa ukatosha ndani ya fumbatio lako. Hapo wanakuja wasaidizi wawili. Wa kwanza ni kongosho, linaloleta maji yenye vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta, tena maji hayo yanaipunguza ile tindikali ili isiunguze utumbo. Wa pili ni ini, linaloleta nyongo. Mama zetu wanajua kwamba sahani yenye mafuta ya ngazi haitakati kwa maji matupu, mpaka pawepo sabuni. Nyongo ndiyo sabuni ya tumbo. Inayagawa mafuta kuwa matone madogo madogo ili yaweze kuvunjwa. Watu wanasema mtu mwovu ana nyongo, lakini bila nyongo hata sombe ya sikukuu isingetufaa.

Ukuta wa utumbo huo haukunyooka kama mpira wa kumwagilia. Umejaa vinyweleo laini visivyohesabika, kama kitambaa cha mahameli. Wanasayansi walipopima upya, waliona kwamba ngozi yote ya ndani ya njia ya chakula ikitandazwa, inafika kadiri ya mita za mraba 30. Hivyo ni vyumba viwili vya nyumba zetu, vimekunjwa ndani ya mtu mmoja. Kupitia hapo chakula kinaingia katika damu.

Na damu hiyo haikimbilii moyoni moja kwa moja. Inapitia kwanza katika ini, kama mzigo unaopita duane kabla ya kuingia mjini. Ini linakagua. Sukari iliyozidi linaiweka akiba, sumu linaipunguza nguvu, kinachofaa linakiruhusu. Tofauti ni kwamba duane hii haipokei rushwa. Lakini ukiipelekea pombe kila siku inachoka, na ikishachoka kabisa mwili wote unaharibika. Aliyetuharamishia ulevi ndiye aliyeliumba ini.

Kinachobaki kinaingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa mita 1 na nusu hivi. Huko maji yanavutwa yarudi mwilini, na vijidudu vyema visivyo na idadi vinakula makapi ya mboga na kututengenezea baadhi ya vitamini. Mwisho, baada ya siku moja mpaka tatu, taka inatoka.

Ndugu zangu, mkumbuke hesabu moja, kwa sababu nitairudia katika khutba ya pili. Kila siku tunakunywa na kula maji kadiri ya litri 2. Mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe yanaongeza litri 7 hivi. Jumla ni litri 9, karibu nusu ya bidoni ya litri 20, zinazopita katika utumbo wa mtu mzima kila siku. Na katika hizo zote, maji yanayotoka na choo hayazidi sana kikombe kimoja. Mengine yote yanarudishwa katika damu. Nani anayalinda?

Inasimuliwa kwamba Khalifa Harun al-Rashid aliomba maji ya kunywa, na mwanachuoni Ibn al-Sammak alikuwa mbele yake. Mwanachuoni akamwuliza: kama ungenyimwa maji haya nawe una kiu, ungeyanunua kwa kiasi gani? Khalifa akajibu, kwa nusu ya ufalme wangu. Alipokwisha kunywa akamwuliza tena: na kama maji hayo yangekataa kutoka mwilini mwako, ungelipa nini? Akajibu, nusu iliyobaki. Ibn al-Sammak akamwambia kwamba ufalme ambao thamani yake ni kunywa na kukojoa haustahili kugombaniwa. Khalifa akalia.

Kwa sababu hiyo Mtume (s.a.w.) alitufundisha dua hata ya kutokea chooni. Wapo vijana wanaoona haya kwa jambo hili. Wanasema, dini gani hii inayosema habari za choo? Wakamwulize mgonjwa aliyelazwa siku tano tumbo limefunga, atawaambia neema hiyo ni kubwa kiasi gani.

Sasa, kutokana na safari hii, tuchukue mambo mawili.

La kwanza ni kiasi. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa kupita mpaka. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Maadikarib, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba matonge machache ya kumsimamisha mtu yanatosha, na kama hana budi kuzidisha, basi agawe tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Sasa mnajua kwa nini. Mfuko wa tumbo unakoroga, na chungu kilichojazwa mpaka mdomoni hakikorogeki. Tuseme ukweli, katika mwezi wa Ramadhani wapo kati yetu wanaofunga kumi na mbili saa, kisha wanaliadhibu tumbo kwa nusu saa.

La pili ni halali. Nimesema kwamba ngozi ya ndani ya tumbo inafanywa upya. Ile ya utumbo mwembamba inabadilika kila baada ya siku 3 hadi 5. Inajengwa kwa nini? Kwa chakula ulichokula. Basi anayekula mali ya yatima, rushwa, au kilo iliyopunjwa sokoni, asifikiri kwamba kitu hicho kinapita na kuondoka. Kinageuka kuwa yeye. Paji analosujudia limelishwa kwacho. Sayyidna Abubakar (r.a.), alipoambiwa na kijana wake kwamba chakula alichomletea kilitokana na malipo ya uaguzi, alitia mkono mdomoni akakitapika chote. Alijua kwamba kikishapita duane ya ini, hakitoki tena kwa mkono.

Ninasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Shukrani kwa Mwenyezi Mungu, na sala na salamu kwa Mtume wake.

Ndugu zangu, nina neno ambalo nimelichelewesha miaka mingi, na leo nalitoa.

Nyumbani kwetu alikuwapo mtoto wa dada yangu, wa miaka miwili. Siku moja asubuhi alianza kuhara maji. Mchana akatapika. Wakubwa wakasema: msimpe maji, maji yanaongeza kuhara. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu, atafutwe mganga. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, na nilikuwa tayari ninafundisha madrasa. Moyoni nilikuwa na shaka, lakini niliona aibu kuwapinga wakubwa, nikanyamaza. Usiku macho yake yaliingia ndani, akawa analia bila machozi. Kabla ya adhana ya alfajiri alikwisha.

Watu walitufariji kwa hadithi sahihi, kwamba anayekufa kwa ugonjwa wa tumbo amehesabiwa katika mashahidi. Nami naiamini. Lakini faraja ya aliyekufa si ruhusa kwa aliyezembea. Baada ya mazishi muuguzi mmoja aliniuliza kwa upole: nyumbani hamkuwa na sukari na chumvi? Vilikuwapo. Vilikuwa hatua tatu kutoka mkeka aliolalia.

Sasa irudieni ile hesabu ya litri 9. Kijidudu cha kipindupindu kikimezwa na maji machafu, kikaponyoka tindikali ya tumbo, kinafika katika utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo inaifungua milango ya ukuta, na badala ya maji kurudi katika damu, maji na chumvi za damu zinamwagika katika utumbo. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza mpaka litri 1 kwa saa. Anakufa kwa kukauka, mara nyingine siku hiyo hiyo. Kumnyima maji mtu huyu ni kumsaidia kijidudu.

Lakini tazameni rehema ya Mola. Katika ukuta ule kuna mlango mmoja ambao sumu ya kipindupindu haiufungi. Mlango huo una sharti: sukari na chumvi zifike pamoja. Zikifika pamoja zinaingia katika damu, na maji yanazifuata. Chumvi peke yake haitoshi, na maji matupu hayatoshi. Ni kama mlango wenye funguo mbili.

Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa nchi ya Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi waliingia Uhindi, na kipindupindu kikaingia makambini. Serumu za kutundika zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe maji ya sukari na chumvi na jamaa zao wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila 100. Waliotibiwa hivyo walikufa chini ya 4 katika 100. Na sisi katika nchi yetu tunakumbuka Goma, Julai 1994, ambapo katika mwezi mmoja wakimbizi wanaokadiriwa kufika 50,000 walikufa, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Tunakumbuka pia mwaka 2011, jinsi ugonjwa ulivyotoka Kisangani ukafuata mto mpaka Kinshasa. Mto unaotulisha samaki ndio uliobeba mauti, kwa sababu ya tulichoutupia.

Kwa hiyo shikeni haya, na wanaojua kuandika wayaandike ukutani jikoni.

1. Mtu akianza kuhara maji, mpe kinywaji mara moja. Kama una pakiti ya SRO kutoka kituo cha afya, fuata maandishi yake. Kama huna: litri 1 ya maji safi, yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vipigwe usawa, visiwe na kichuguu. Usizidishe chumvi, ikizidi inadhuru. Onja kwanza: kama ina chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

2. Mtoto mpe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha, na mtoto anayekula asinyimwe chakula.

3. Wakati unampa, mpeleke kituo cha afya. Kinywaji hiki ni cha kumfikisha hai. Ukiona macho yameingia ndani, analegea, hakojoi, hawezi kunywa, au kuna damu katika choo, usingoje hata swala imalizike. Watoto hupewa pia dawa ya zinki kwa siku 10 hadi 14; iulizeni.

4. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klori. Mikono ioshwe kwa sabuni au majivu baada ya choo na kabla ya chakula. Sisi tunatawadha mara tano kwa siku; ni aibu ugonjwa wa mikono michafu utukute sisi.

5. Choo kichimbwe, kifunikwe, kiwe mbali na kisima. Mtume (s.a.w.) ametuonya tujiepushe na mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia penye vyanzo vya maji, katikati ya njia na katika kivuli cha watu. Anayejisaidia ukingoni mwa Lualaba asubuhi, kisha akaja safu ya mbele mchana, ajue kwamba walio chini ya mto watamdai.

Na wewe kijana uliyesoma, usiwe kama nilivyokuwa mimi. Kuheshimu wakubwa ni dini, lakini heshima si kunyamaza mtu akifa. Sema kwa adabu: baba, mama, shikamoo, naomba tumpe maji. Suratul Maida, aya ya 32, inatufundisha kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Mara nyingine thawabu hiyo iko katika kijiko.

Ewe Mola wetu, tunakushukuru kwa tonge lililoingia kwa raha na likatoka kwa raha. Tulishe halali, na ututosheleze nayo. Waponye wagonjwa wetu wa matumbo, walioko nyumbani na walioko hospitali. Warehemu watoto waliotutangulia, uwafanye akiba kwa wazazi wao, na utusamehe sisi tuliojua tukanyamaza. Yatakase maji yetu na mikono yetu, uilete amani katika nchi yetu ya Congo, na uwarudishe salama waliokimbia vijiji vyao. Amina.

Simameni tuswali.